Ukungu wa Shemeji

Saa nane mchana Shangazi alizamisha mkono ndani ya gunia la majani ya chai hadi kwenye kiwiko, akauacha humo kidogo kama mtu anayempima mtoto homa. Alipoutoa ulikuwa na jasho. Akanusa vidole. Majani yaliyochumwa asubuhi yakiwa mabichi kabisa yalikuwa yameanza kunuka kama ndizi zilizosahauliwa kabatini, na hiyo ndiyo harufu ya chai inayojipika yenyewe kabla ya kufika kiwandani.

"Yamwageni tena," alisema.

Wanawake wakamwaga magunia kwenye sakafu ya saruji, wakaanza kuyageuza majani kwa mikono ili yapate hewa. Hakuna aliyelalamika. Kugeuza majani ni kazi isiyo na malipo wala mwisho. Ukimaliza gunia la mwisho, la kwanza limeshapata moto upya.

Kituo chenyewe kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, meza ndefu, mizani iliyoning'inia kwenye boriti, na kiti kimoja ambacho kilikuwa cha karani. Lori la kiwanda lilitakiwa kufika pale saa sita mchana. Tangu msimu uliopita lilikuwa likija jioni, taa zimewashwa, na dereva akishuka na habari zake: leo pancha, jana tope, juzi betri. Alikuwa mtu mcheshi. Hata pancha zake alizisimulia vizuri, na watu waliokuwa wamenuna mchana kutwa walijikuta wanacheka huku wanampakilia magunia.

Shangazi ndiye aliyeongoza kamati ya kituo. Nusu ya watu wa kilima kile alikuwa shangazi yao kweli, na nusu nyingine waliona ni rahisi kufuata mkumbo. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimpelekea jani bovu alikuwekea mkononi mbele ya watu, akakuuliza kama na chai ya kwako nyumbani unaipika hivyo.

Kiwanda kilikuwa kimeshakataa mzigo wao mara mbili. Mara zote mbili majani yalirudishwa yakiwa mekundu, yakamwagwa kando ya barabara, ambako mbuzi waliyanusa wakapita. Kisha meneja akatuma ujumbe kwa mdomo wa dereva: mzigo mwingine ukifika umeungua, kituo kinafungwa, na wakulima wa kilima watapeleka majani yao kituo cha bondeni, ng'ambo ya mto. Kwa kijana mwenye pikipiki hilo si jambo. Lakini wakulima wengi wa pale walikuwa watu wazima wenye magoti yaliyokwisha na mashamba ya ukubwa wa kiwanja cha mpira. Kwao maana yake ilikuwa kuuza shamba.

Kiwanda kilituma na mtaalamu. Akawafundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi, jambo waliloanza kulifanya kabla mtaalamu mwenyewe hajaota meno. Akawafundisha wasishindilie magunia. Akawaambia joto ni adui wa chai. Kuhusu lori hakuwa na somo.

Mchana huo, majani yakiwa sakafuni, Shemeji alifika amechelewa, kikapu mgongoni na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na ukungu.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Shangazi. Kwa haki na yeye angemwita shemeji, lakini alishazoea kumwita Shangazi kama wengine. Alikuwa mtu wa kuokota vitu: mbwa wenye miguu mitatu, redio zisizosema, mara moja mlango mzima bila nyumba. Kwa hiyo watu walisogea kumpisha, wakaendelea na kazi. Ukungu wenyewe ulikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyeshiba, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ulitembea karibu na ardhi.

"Umeutoa wapi huo?" Shangazi aliuliza.

"Ulinasa kwenye ile chai niliyoipogoa. Wenzake walipanda juu saa tatu kama kawaida, wenyewe ukabaki umeng'ang'aniwa na visiki. Nikaunasua. Sasa haubanduki kwangu."

"Kama haubanduki, kamba ya nini?"

"Kamba ni ya barabarani. Pikipiki hizi haziangalii."

Shangazi akamwambia aufunge pembeni, usimzuie mtu kupita. Shemeji akaufunga kwenye nguzo, lakini kamba ilikuwa ndefu, na ukungu ukaenda wenyewe hadi kwenye majani yaliyomwagwa, ukayazunguka mara moja, ukalala juu yake. Wanawake wakatoa mikono yao. Baada ya muda mmoja wao akairudisha, akasema majani yamepoa. Shangazi akapiga goti, akapeleka mkono hadi katikati ya lundo. Yalikuwa na baridi ya maji ya kisima, na ile harufu ya ndizi ilikuwa imekwisha.

"Yarudisheni kwenye magunia," alisema. "Na mtu asiuamshe."

Ikabaki kazi ya karani. Karani alikuwa mtu msafi aliyevaa viatu vya mjini na kuvifuta kwa majani ya chai yaliyoanguka. Alijua hila zote za wakulima, na kubwa kuliko zote ilikuwa kunyunyizia majani maji yapate uzito. Kila mtu pale aliwahi kuifanya, au alikuwa na dada aliyewahi. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa na sheria: majani yenye maji hukatwa kilo. Karani akasema ukungu ni maji.

Shemeji akasema ukungu wake haumlowanishi mtu, na kama karani ana wasiwasi aupime. Akaunyanyua kwa mikono miwili, akautundika kwenye ndoano ya mizani. Mshale ukarudi nyuma, ukapita sifuri, ukasimama upande usio na namba. Karani akaigonga mizani kwa kidole. Mshale ukabaki palepale.

"Unaona?" Shemeji alisema. "Mzigo umezidi kuwa mwepesi. Utatuongezea."

"Sheria ya kukata ipo," karani alisema. "Ya kuongeza haipo. Nikiongeza, nitasema nimeongeza nini?"

"Sema ukungu."

"Nikisema ukungu, nakata. Ukungu ni maji."

Basi akakata kilo moja kwa kila gunia, na makato hayo yakaitwa ya ukungu. Watu wakaguna kidogo, ili karani asidhani wamefurahi.

Jioni lori lilipofika, dereva alishuka na pancha ya siku hiyo, akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza kama alivyoagizwa na kiwanda, na akauacha humo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kutwa nzima alikuwa amekaa juu ya injini. Mzigo ukaenda, ukapokelewa. Wa kesho yake ukapokelewa pia, na wa siku zilizofuata. Kila asubuhi Shemeji alishuka na ukungu wake, akaufunga kwenye nguzo, akaurefushia kamba. Wanawake waliacha kugeuza majani. Walikaa juu ya vikapu vilivyopinduliwa, wakasuka nywele, wakasengenya, na mmoja aliyekuwa na shinikizo la damu alipenda kukaa karibu na ukungu na kuweka miguu ndani. Mke wa Shemeji ndiye pekee aliyekuwa na neno: nguo za nyumba nzima zilikuwa hazikauki.

Shangazi angeweza kuridhika. Lakini alikuwa mtu ambaye jambo likimwendea vizuri hutaka kujua awali liliharibikia wapi. Na halafu dereva alileta habari nyingine. Alisema mzigo wao unatoka kituoni ukiwa baridi, lakini ukifika kiwandani magunia ya katikati yanakuwa na uvuguvugu, na mpokeaji wa kiwandani ameanza kuyatazama kwa jicho la pembeni. Lile agizo la meneja lilikuwa halijafutwa.

"Basi utaenda na ukungu," Shangazi alimwambia.

Shemeji hakupenda. Alisema ukungu wake haujawahi kulala nje ya nyumba.

"Ni ukungu, Shemeji. Umezaliwa nje."

"Huko kiwandani kuna moshi."

"Ndiyo uende ukaone ndugu zake."

Shemeji hakucheka. Alimwonyesha dereva fundo, jinsi ya kulifungua na jinsi ya kulifunga, akamwambia ukungu usipitishwe karibu na tanuru. Kisha yeye na Shangazi wakaufunga kwenye bomba la nyuma ya lori, juu ya magunia, na lori likateremka. Nyuma yake, barabarani, ulibaki mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa sufi. Ulifika urefu wa magoti ya mtu. Watoto waliotoka kisimani waliuruka wakapita.

Asubuhi iliyofuata ukungu wa kawaida ulijaa bondeni, na saa tatu ukapanda juu ukaenda zake. Ule mstari haukwenda popote. Ulianzia kituoni, ukashuka kilima kwa kona zote za barabara, ukavuka daraja, ukaingia kwenye lango la kiwanda, na kutoka pale juu mtu aliuona wote kwa mara moja kama mshono kwenye nguo. Shangazi alikuwa amesimama chini ya mabati akisubiri wachumaji wa kwanza. Akaona lori likitoka langoni na kitu cheupe mgongoni.

Halikuelekea kilimani. Lilikunja kushoto, likafuata mikaratusi.

Nyuma ya ile mikaratusi kulikuwa na shamba la mwenyekiti wa bodi ya kiwanda. Wakulima wadogo ndio waliomchagua, kwa sababu na yeye alianza kama mkulima mdogo, mwenye kipande kidogo kuliko vyao. Kipande kilikuwa kimekua. Kila mkulima aliyechoshwa na majani yanayorudishwa barabarani alimkuta mwenyekiti yuko tayari kumpunguzia mzigo wa shamba, na watu walikuwa wakimsifu kwa huruma hiyo.

Lori likapotea kwenye miti, mstari mweupe ukabaki nje kuonyesha lilikoingilia. Baadaye likatoka limejaa, likarudi kiwandani. Likatoka tena tupu, likakunja kushoto tena. Kila lilipopita, mstari wa mikaratusi ulinenepa. Wachumaji walianza kufika na vikapu vyao, wakatua mizigo, wakasimama wanatazama. Karani akasogeza kiti chake upande ule. Lori likaingia mitini kwa safari nyingine, na mstari ukawa mpana kama barabara yenyewe.

"Kwa hiyo ile ndiyo pancha," mzee mmoja alisema.

"Hiyo ni pancha," mwenzake akajibu. "Tope litakuja mchana."

Wakacheka. Shangazi hakucheka, kwa sababu alikuwa ametambua jambo ambalo alipaswa kulifikiria jana: ukungu ulikuwa kule, na majani yalikuwa hapa. Jua lilikuwa limepanda juu ya mabati. Akaingiza mkono kwenye gunia lililokuwa karibu, akautoa upesi.

Siku hiyo walifanya kazi. Walimwaga, wakageuza, wakarudisha, wakamwaga. Walivua vitambaa vya vichwani wakapepea navyo majani. Yule mwenye shinikizo la damu alikatazwa asiiname, akainama. Karani mwenyewe alivua viatu vyake vya mjini, akaviweka juu ya meza, akaingia kwenye majani na soksi. Shemeji alizunguka huku na huku na kamba isiyo na kitu. Kule bondeni lori liliendelea kwenda na kurudi kwenye mikaratusi bila haraka yoyote, mpaka mwisho ungeweza kukata ule mstari kwa kisu. Jioni ilipofika pembe za majani zilikuwa zimeanza kupata wekundu, na kila mkulima pale alijua wekundu huo ukifika kiwandani kilima chao kimekwisha.

Lori likaja, taa zimewashwa. Dereva akashuka amefungua mdomo tayari kusema, akatazama nyuso za watu, akatazama kule bondeni walikokuwa wanatazama, akafunga mdomo.

"Zima gari," Shangazi alimwambia.

"Shangazi, nimechelewa. Kiwandani wananisubiri."

"Leo utangoja wewe. Zima."

Akazima. Shemeji akaufungua ukungu. Ulikuwa mwembamba kuliko ulivyoondoka, mtu angeweza kuona nguzo za kituo kupitia mwili wake, na ulikuwa na harufu ya moshi na dizeli. Ulikwenda moja kwa moja kwenye majani ukalala juu yake, na watu wote wakakaa chini kuuzunguka. Ilichukua muda. Wekundu ulikuwa umeingia, na ukungu ulikuwa umechoka. Lakini polepole pembe za majani zikaanza kurudi nyuma, kutoka rangi ya kutu kwenda manjano, kutoka manjano kwenda kijani, mpaka yakawa kama yalivyokuwa asubuhi mtini, na mengine yakiwa na umande. Karani akaokota jani moja, akaligeuza, akalirudisha, akaenda kuvaa viatu.

Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori muda wote. Hakupewa stuli wala maji.

"Mimi natumwa tu, Shangazi," alisema hatimaye.

"Najua."

"Naambiwa anza kule, naanza kule."

"Najua. Kilichonichosha ni pancha. Pancha moja ungeisema tukaelewana. Wewe ukatuletea na betri."

Dereva akakubali kwamba betri ilizidi. Akapakia mwenyewe magunia yote, bila kusaidiwa, ukungu ukabaki kwa Shemeji, na mzigo ukapokelewa kiwandani usiku huo bila neno.

Siku mbili baadaye meneja alikuja kwa gari dogo lililowashwa taa mchana kweupe, kwa kuwa mstari wa mikaratusi sasa ulikuwa umetanuka wenyewe na kufunika lango la kiwanda na madereva walikuwa wanapapasa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza hadi mwisho. Alisalimia wazee kwanza, akauliza habari za magoti yao. Wakulima wote wa kituo walikuwepo. Shangazi alikuwa amewaambia maneno yatakuwa machache, na kweli yakawa machache. Alimwonyesha meneja mstari, toka langoni hadi mitini, kisha akamwonyesha uzi mwembamba unaopanda kwao.

Meneja hakukana.

"Shamba lile ni kubwa," alisema. "Majani yake ni mengi. Yakingoja yanaungua."

"Ya kwetu yakingoja yanakuwaje?"

"Ndiyo nimekuja kuona."

Akaenda kwenye magunia, ambapo ukungu ulikuwa umelala, akapeleka mkono wake. Uso wake ukafunguka. Akaita dereva wake naye apeleke mkono. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kushika majani ya saa nane yakiwa hivi, na kwamba kilima kile kilikuwa kinawaaibisha wenye mashamba makubwa. Akatangaza pale pale kwamba suala la kufunga kituo limekwisha. Hakitafungwa. Watu wakapiga makofi, na makofi yalikuwa ya kweli, maana wazee walikuwa wamekuja na nguo zao nzuri kama watu waliojiandaa kwa msiba. Yule mwenye shinikizo la damu alilia.

Shangazi alingoja makofi yaishe.

"Lori ni la nani?" aliuliza.

"La kiwanda."

"Lilinunuliwa na nini?"

Meneja akasema kila mtu anajua lilinunuliwa kwa makato ya wakulima. Hakulificha.

"Basi ni la wakulima."

"Ni la wakulima, Shangazi. Na mwenyekiti ni mkulima."

Alilisema bila kejeli. Kisha akaendelea, kwa sauti ya mtu mwenye habari njema ya pili, kwamba kwa kuwa majani ya kilima sasa yanaweza kungoja bila kuharibika, hakuna sababu ya dereva kukimbizana na jioni. Lori litamaliza kwanza sehemu ambazo hazina ukungu. Kwa kilima litakuja kesho yake asubuhi, wakulima wamepumzika, barabara imekauka. Aliwapongeza kwa kurahisisha kazi ya kiwanda. Kuhusu kilo za ukungu anazokata karani, aliahidi kulitazama suala hilo, akaagana na kila mtu kwa mkono, akaondoka na taa zake.

Shemeji akamgeukia Shangazi.

"Sasa tumeshinda au tumeshindwa?"

"Kituo kipo," Shangazi alisema. "La lori sasa tunalijua."

Na maisha yakashika njia hiyo. Lori lilikuja asubuhi ya pili yake, kwa saa yake, na dereva hakuwa tena na pancha. Akaanza kusimulia habari za mkwe wake, ambazo zilikuwa nzuri zaidi. Mstari wa mikaratusi haukutoweka. Kiangazi kilipokuja, mashamba yote ya kilimani yakawa na kiu, na chai ya mwenyekiti iliyokuwa kando ya ule weupe ikachipua kama ya masika. Alisemekana kumpongeza meneja.

Upande wa Shangazi kulitokea hili. Ule uzi wa barabara ya kilimani, kwa sababu lori lilipita juu yake kila siku, ulianza kukatika vipande, na vipande vikaanza kutembea. Mwanzoni vilikuwa vidogo kama kuku. Viliwafuata wanawake kutoka kisimani, vikalala chini ya meza ya mizani. Shemeji akavikusanya kwenye kikapu, akavifunika, akavilaza karibu na mama yao, na ndani ya mwezi vikawa na ukubwa wa ndama. Mke wake akahamishia nguo kwa jirani.

Habari zikavuka mto. Aliyekuja kwanza alikuwa Mama Pacha, kiongozi wa kituo cha bondeni. Yeye na Shangazi walikuwa wamesoma darasa moja na kununiana tangu hapo kwa sababu ambayo kila mmoja aliikumbuka tofauti. Alisimama nje ya banda mpaka alipokaribishwa. Mzigo wao ulikuwa umekataliwa mara mbili, alisema, na meneja alikuwa ametuma neno kwa dereva.

"Nimesikia mna vitoto," alisema.

"Vipo."

"Nataka kimoja."

Shangazi hakuwa na tabia ya kumfungia mtu kitu kibovu kwenye karatasi nzuri. Akamwambia akae, akamweleza yote: lori linakoanzia, alichosema meneja, na kwamba siku kituo cha bondeni kitakapokuwa na ukungu, lori litakoma kuja jioni na litaanza kuja kesho yake, na likishakuwa la kesho yake hakuna atakayelirudisha.

"Nisipouchukua?"

"Mzigo wenu wa tatu unaungua. Mnafungwa."

"Na nyinyi huko juu hamjasema kitu?"

"Tulisema. Tukasikilizwa vizuri sana."

Mama Pacha akafikiri. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye vidole vyeusi vya utomvu wa chai kama vya Shangazi mwenyewe.

"Basi nipe mkubwa," alisema. "Usinibambikizie kile kinachochechemea."

Shemeji akamchagulia ule aliouona una afya, akamfundisha fundo, na wote watatu wakaushusha kilimani hadi ng'ambo ya mto, ukungu ukiwa katikati. Kilikuwa kituo kama chao: mabati, meza, mizani, wanawake wakigeuza majani sakafuni. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja aliuliza kama unauma, mwingine akauliza unakula nini, na Shemeji akasema hauli, unapenda tu kusemeshwa asubuhi. Karani wa pale, kijana aliyekuwa bado na imani na kazi yake, alishateremsha ndoano ya mizani. Shangazi akamwambia asijisumbue, kilo moja kila gunia, ndiyo bei yake.

Mama Pacha alikuwa anafunga kamba kwenye nguzo lori lilipopita barabara ya chini, limejaa, taa zimewashwa mchana kutwa, likielekea kiwandani kutoka kwenye mikaratusi. Akasimama, akaliangalia.

"Lile si lori letu?"

"Ni letu," Shangazi alisema.

Dereva akapiga honi. Wakampungia mkono, kwa sababu ni mtu mcheshi, kisha wakageuka kusogeza magunia ili ukungu upate pa kulala.